Kupima sauti ya ukumbi: maiki gani ununue, na kwa nini usiiamini grafu ya kwanza

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti hapa Kigoma, hasa makanisani na kwenye kumbi za harusi: sakafu ya saruji, kuta tupu, bati bila dari. Miaka mingi nilitegemea masikio tu. Masikio bado ndiyo hakimu, ila hayakuambii kama mlio unaokusumbua ni wa 200 Hz (mitetemo 200 kwa sekunde) au 315.

Hatua ya 1: Maiki

Maiki ya kuimbia iache kwa waimbaji. Imetengenezwa kuipamba sauti ya mtu. Ya simu nayo haifai, kwani bezi nyingi haiisikii. Tafuta maiki ya kupimia, inayosikia pande zote sawasawa. Behringer ECM8000 ni ya bei nafuu, lakini inahitaji saundi kadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) yenye kuipa umeme, kwa kawaida volti 48. UMIK-1 ya miniDSP inachomekwa kwenye USB basi.

Mimi nilichukua hiyo ya pili. Niliiagiza Dar, ikaja kwa basi. Kilichonivuta ni faili la masahihisho, linaloiambia kompyuta makosa ya maiki: unaingiza namba iliyoandikwa kwenye maiki yako katika tovuti ya watengenezaji, unapata faili la maiki hiyohiyo, si la mwenzake. Mafaili ni mawili: la nyuzi 0, maiki ikiitazama spika, na la nyuzi 90, ikitazama juu. Ukiyachanganya, sauti za juu zitasomeka kwa makosa na hutajua.

Hatua ya 2: Programu

Pakua Room EQ Wizard, programu ya kompyuta ya kupimia sauti; wengi tunaiita REW. Toleo la kawaida ni bure. Lipakie faili la maiki kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona mvumo wa 50 Hz, chomoa chaja ya laptop kwanza kabla hujaanza kulaumu waya.

Hatua ya 3: Pima mara mbili

Washa spika moja, nyingine zote zima. Weka maiki kwenye stendi, mita 1.2 kutoka chini, usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Programu itatoa mlio unaopanda kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz, kama king'ora. Usiguse kitu, rudia. Kila kipimo kinachora mstari kwenye grafu; mistari miwili ikae juu ya mwenzake. Isipokaa, kuna feni, jenereta, au mtu anaburuta viti. Mvua ikianza kugonga bati, funga kompyuta mkanywe chai.

Hatua ya 4: Bonde

Hapa ndipo nilipounguza spika ya watu. Grafu ilionyesha bonde refu, yaani mahali sauti inaposhuka, karibu na 180 Hz, nami nikalijaza kwa ikwalaiza (ya kuongeza au kupunguza sehemu fulani ya sauti), desibeli 9, kipimo cha ukubwa wa sauti. Bonde halikujaa. Kumbe desibeli 9 ni kuidai ampu nguvu mara 8! Harusi ilipofika katikati, spika ikaanza kukwaruza, kisha kimya. Niliilipa.

Hesabu yake ni hii. Spika ilikuwa mita 1.8 juu, maiki mita 1.2, katikati yao mita 4 kwa kupima sakafuni. Sauti iliyokuja moja kwa moja ilitembea mita 4.04, iliyodunda sakafuni ilitembea mita 5. Ile iliyochelewa inakutana na mwenzake ikiwa kinyume, zinauana karibu na 180 Hz. Ukiongeza nguvu, zote mbili zinaongezeka, na zinaendelea kuuana.

Jaribu mwenyewe: sogeza maiki hadi mita 8, bonde linahamia karibu na 330. Ilaze maiki sakafuni kabisa, linatoweka. Bonde linalohama si ugonjwa wa spika; liache.

Hatua ya 5: Vilima

Pima sehemu tano au sita wanapokaa watu, kisha iambie programu itoe wastani. Kilima, yaani mahali sauti inapopanda, kinachoonekana karibu kila sehemu ndicho cha kupunguza, desibeli 3 au 4 kwanza, halafu upime tena. Mwangwi wa bati ikwalaiza haiuondoi. Shusha spika ziwatazame watu, zisitazame paa, na mwombe mwenye ukumbi mapazia mazito.

Halafu funga laptop, umwite mwalimu wa kwaya apande na maiki yake ya kila siku. Wewe nenda ukakae benchi la nyuma.