Kuchagua Matairi, Rimu na Kimo cha Kuinua Gari la Njia Ngumu

Wengi wanaoandaa gari kwa ajili ya njia ngumu huanza kwa kuuliza liinuliwe inchi ngapi. Swali hilo si baya, ila limetangulia mbele ya zamu yake, kwa kuwa kimo cha springi ndicho kinachopaswa kuamuliwa mwisho. Tairi huchaguliwa kwanza, kwani ndilo pekee linalogusa ardhi; rimu hufuata, kwani kazi yake ni kulibeba tairi hilo na kulifunga kwenye habu, yaani kitovu cha ekseli kinachozunguka na gurudumu; kisha gari huinuliwa kwa kiasi kile tu ambacho tairi na mzigo vinadai. Anayeanzia juu kwenda chini mara nyingi hujikuta akinunua vifaa vilevile mara mbili.

Sababu ya mpangilio huu huonekana ukichungulia chini ya gari. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani boriti moja inayounganisha magurudumu ya pande mbili, springi ndefu huinua chesisi na bodi peke yake, na difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, hubaki pale ilipokuwa, kwa sababu ekseli inategemea tairi na si springi. Kitu pekee kinachoiondoa difu karibu na jiwe ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, nalo huiinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Chukua tairi la 265/70R17: upana wake ni milimita 265, kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5, na rimu yake ni inchi 17, ambazo ni karibu milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, utapata kipenyo cha takriban milimita 803. Ukihamia 285/70R17, kipenyo kinafika milimita 831. Ongezeko ni milimita 28, na difu imepanda milimita 14, ambazo hazizidi sana upana wa kidole. Hesabu hii ifanyike kabla ya kutoa fedha.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha gharama yake. Tairi hilo kubwa ni asilimia 3.5 zaidi kwa kipenyo, kwa hiyo spidomita iliyokuwa sahihi ikionyesha kilomita 100 kwa saa, mwendo halisi utakuwa takriban 103.5. Injini nayo huona kama gia zote zimekuwa ndefu, na breki hulazimika kusimamisha gurudumu zito zaidi. Kwa hatua moja ya saizi, madereva wengi hawahisi tofauti kubwa. Kwa hatua mbili au tatu, gari huanza kuchoka milimani, na hapo uwiano wa meno ya difu hulazimika kubadilishwa, kazi ambayo ni ghali na hugusa difu zote mbili za gari linaloendesha magurudumu manne.

Kuhusu aina ya tairi, makundi makuu ni matatu. Yale ya barabarani, yaliyoandikwa H/T, ni matulivu na hudumu, lakini hujaa tope upesi na mbavu zake hukatika kirahisi kwenye mawe. Yale ya tope, M/T, yana meno makubwa yenye nafasi pana za kutema udongo, ila hupiga kelele kwenye lami na huwa na mshiko mdogo lami inapolowa. Katikati yapo ya mchanganyiko, A/T, na kwa maoni yangu ndiyo yanayomfaa mtu ambaye gari lake hutumia siku nyingi barabarani na chache tu nje yake. M/T limfae yule anayekutana na tope kila wiki, si yule anayependa sura yake.

Kisha soma ubavu wa tairi lenyewe. Namba ya uwezo wa mzigo, ambayo ni muhimu kuliko jina la mtengenezaji, hueleza kilo ambazo tairi moja linaweza kubeba likiwa na upepo uliowekwa: 116 ni kilo 1,250 na 121 ni kilo 1,450. Usishuke chini ya namba iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Tairi lenye herufi LT limejengwa kwa mzigo mzito na mbavu imara, japo safari huwa ngumu kidogo. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe mwishoni mwa alama zinazoanza na herufi DOT kwenye ubavu: 2323 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka mingi ni tairi la zamani hata kama halijawahi kugusa barabara.

Rimu huonekana rahisi, kumbe ndipo makosa mengi hufanyika. Idadi ya bolti na duara lake lazima vilingane kabisa na habu, kwani 6x139.7, yaani bolti 6 kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, haina ujamaa na 5x150. Tundu la katikati likae vizuri kwenye habu, na upande wa ndani uiachie nafasi breki. Baada ya hapo angalia ofuseti, yaani umbali kutoka mstari wa kati wa rimu hadi uso unaobana habu. Rimu ya upana uleule ikitoka ofuseti ya +30 hadi 0, gurudumu lote husogea nje milimita 30. Gari huonekana limejitanua, na wapo wanaolitaka hilo, lakini beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani huvutwa na kila jiwe, na tairi linapokatwa kona huchora duara kubwa zaidi na kugusa madigadi. Badilisha ofuseti kwa kiasi kinachohitajika tu ili tairi lisiguse springi na mikono ya ndani. Na usikimbilie rimu kubwa: kwa kipenyo kilekile cha tairi, rimu ndogo huacha ubavu mrefu, na ubavu mrefu ndio unaokuwezesha kupunguza upepo kwenye mchanga bila kuhatarisha rimu.

Sasa ndipo suala la kuinua linapofika. Milimita 50 hivi, yaani inchi 2, ni kiwango ambacho magari mengi hukipokea bila marekebisho makubwa. Vipande vya kuongezea juu ya springi ni nafuu, lakini haviongezi uwezo wa kubeba wala mwendo wa springi. Springi mpya zichaguliwe kwa uzito ambao gari hubeba kila siku: pima gari likiwa na winchi, bampa la chuma, keria na vifaa vyote, kwa maana springi ngumu kwenye gari tupu hulirusharusha na kulipunguzia mshiko. Shokapu ziwe na urefu unaolingana na springi hizo. Kwa anayesafiri mbali kwenye barabara yenye mawimbi, ningetumia fedha nyingi zaidi hapa kuliko kwenye kimo, kwa sababu shokapu ndogo hupata moto, mafuta yake huchanganyika na hewa, na gari hupoteza utulivu wakati dereva amekwisha kuuzoea.

Kila kinachopanda huvuta vingine. Mipira ya breki lazima ifike gurudumu linaponing'inia kabisa. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kuinua hupunguza mwinamo wa usukani unaolifanya lijinyooshe lenyewe, na gari huanza kutangatanga mpaka mwinamo huo urudishwe kwa bushi maalumu. Fimbo inayoizuia ekseli kwenda pembeni nayo huivuta upande mmoja. Kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele yanajitegemea, jointi za ekseli hufanya kazi kwa pembe kali na kuchakaa mapema. Baadhi ya magari yana vali ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa kimo cha ekseli. Ukiinua bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Nchi nyingi pia huwekea mipaka kimo cha gari na matairi yanayotokeza, na kampuni ya bima hupaswa kuarifiwa.

Kazi ikiisha, panda kizingiti kwa gurudumu moja la mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, na angalia kama tairi linagusa mahali popote. Fanya wili alaimenti, kisha kaza nati tena kwa spana ya kupima nguvu baada ya kilomita 50 hadi 100. Spea nayo iwe ya saizi ileile, kwa kuwa tairi lenye kipenyo tofauti kwenye gari linaloendesha magurudumu manne muda wote huilazimisha difu kufanya kazi kila sekunde, hata kwenye barabara iliyonyooka.