Jinsi ya Kupima Kipengele Kipya Kabla ya Kukiingiza Katika Itifaki Nyepesi

Mapendekezo yanayoinenepesha itifaki ndogo ya intaneti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapowasiliana, kwa kawaida ni mazuri, na anayeyaleta huwa na haja ya kweli. Ndiyo maana kuyakataa ni kazi ngumu inayohitaji utaratibu. Mwongozo huu unatumia mfano wa Gemini, itifaki ya kusomea kurasa za maandishi iliyoanzishwa mwaka 2019 na mtu anayejulikana kwa jina la Solderpunk, ambayo kwa uzito imekaa kati ya Gopher, itifaki ya zamani ya kusomea maandishi ya mwaka 1991, na wavuti tunaoutumia kila siku.

Kabla ya kujadili nyongeza yoyote, hakikisha unaijua itifaki jinsi ilivyo. Katika Gemini, programu ya msomaji hufungua muunganisho uliolindwa kwa TLS (mfumo wa kusimba mawasiliano), kwa kawaida kwenye poti 1965 (namba ya mlango wa mawasiliano), kisha hutuma anwani kamili ya ukurasa, isiyozidi baiti 1024, pamoja na alama ya mwisho wa mstari. Seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, hujibu kwa mstari mmoja, kwa mfano:

20 text/gemini; lang=sw

Namba 20 husema kwamba ombi limefanikiwa, na sehemu inayofuata hutaja aina ya maandishi na lugha yake, hapa Kiswahili. Baada ya hapo huja ukurasa wenyewe, na muunganisho hufungwa. Lengo lilikuwa kwamba programu ya msingi ya kusomea isizidi mistari 100 ya msimbo, nami nakushauri uiandike yako mwenyewe, kwa sababu aliyewahi kuiandika huuona mara moja uzito wa kila nyongeza.

Pendekezo likifika, litenganishe na haja iliyolizaa. Wasomaji wa Gemini walihitaji kufuatilia makala mapya bila kufungua kila ukurasa kila siku, na ingewezekana kabisa kubuni msimbo mpya wa jibu kwa kazi hiyo. Badala yake ilitumika desturi ya uandishi tu: maelezo ya kiungo huanza na tarehe, namna hii:

=> /pemba.gmi 2024-05-03 Safari ya Pemba

Programu inayoijua desturi hiyo hukusanya viungo vyenye tarehe na kumjulisha msomaji. Isiyoijua huonyesha kiungo cha kawaida, na hakuna kinachoharibika. Seva haikuguswa hata kidogo. Kwa hiyo tafuta kwanza jibu katika uandishi wa kurasa au ndani ya programu ya msomaji, na uifikie itifaki yenyewe mwisho kabisa.

Pendekezo gumu zaidi ni lile la kuitaka seva itaje ukubwa wa faili kabla ya kuituma. Haja yake ni ya haki, hasa kwa anayenunua bando na kutumia mtandao wa kusuasua: anataka kujua faili itamgharimu kiasi gani, na kama imefika yote au imekatikia njiani. Ligawe pendekezo hilo vipande viwili. Kuhusu kukatika, TLS tayari ina ishara yake ya kufunga mawasiliano rasmi, na programu inayoizingatia inaweza kugundua kwamba mwisho haukufika. Kuhusu ukubwa, hakuna jibu kamili, na ni lazima mpendekezaji aambiwe hivyo waziwazi. Hata hivyo, seva inayotunga ukurasa huku ikiutuma haiwezi kuutaja ukubwa huo bila kwanza kuuhifadhi ukurasa mzima, na zaidi ya hapo, mstari wa jibu ukishapewa sehemu nyingine ya taarifa itabidi iandikwe kanuni ya kutenganisha sehemu, ambayo itamkaribisha anayetaka tarehe ya mabadiliko, kisha anayetaka muda wa kuhifadhi nakala.

HTTP, itifaki ya wavuti, imeipita njia hiyo. Mwaka 1991 ombi lake lilikuwa mstari mmoja wenye neno GET na anwani. Kufikia toleo la 1.0, lililoandikwa rasmi mwaka 1996, tayari lilikuwa na vichwa vya taarifa ambavyo mtu yeyote angeweza kuviongeza. Vidakuzi, yaani taarifa fupi ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari cha msomaji, vilivyobuniwa katika kampuni ya Netscape mwaka 1994, vilipitia hapo hapo, na kichwa kinachotaja kivinjari cha msomaji leo husaidia kumtambua na kumfuatilia. Hivyo swali la kuulizia kila nyongeza ni hili: mtu mwingine anaweza kuitumia nafasi hii kwa kazi gani ambayo hatukuikusudia? Mimi ningelikataa pendekezo la ukubwa kwa sababu hiyo, ingawa namwonea huruma anayelihitaji.

Haja isipotimizika kwa desturi, iundie itifaki yake pembeni. Kupakia maandishi kwenye seva kulipewa Titan, yenye anwani zake zinazoanza kwa titan://, na anayesoma tu halazimiki kuijua.

Marekebisho yanayoondoa utata katika maelezo yaliyopo yapokee kwa moyo mkunjufu, lakini yajaribu kwanza: mpe maandishi mtu ambaye hakushiriki mjadala, umwombe aandike programu kwa kuyafuata hayo tu, kisha uangalie kama inaelewana na seva za zamani ambazo wenyewe hawajazigusa. Ikishindikana, rudisha pendekezo kwa mwenyewe pamoja na sababu zilizoandikwa, ili atakayelileta tena aanzie hapo.