Kabla ya Mbegu: Kwa Kijana wa Lubumbashi Anayetaka Kulima Bangi ya Halali

Vijana wanaonijia kuuliza habari za shamba la bangi la halali huwa wameshapiga hesabu ya faida. Wameona video ya shamba la Lesotho au Kanada, wamezidisha bei ya kilo kwa ukubwa wa shamba la baba kwenye barabara ya Kasenga, na wanataka tu kujua mbegu zinapatikana wapi. Mimi ni agronomo. Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kupima udongo na kuwaandalia wakulima dosie za leseni na za mkopo. Haya ndiyo ninayowaambia tukikaa mezani, na mbegu nimeiweka nyuma kabisa kwa sababu katika kazi hii huja nyuma kabisa.

Anza na sheria, na usiipite haraka. Hapa Kongo, diamba (ndivyo tunavyoiita bangi) ni marufuku: kuilima, kuibeba, kuiuza, kuivuta. Hakuna dirisha unapoweza kupeleka ombi la leseni ya kuilima. Mtu akikuambia anamjua mkubwa Kinshasa atakayekutolea karatasi, funga mfuko wako uende zako. Mlango ulio wazi uko ng'ambo ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Zambia ilikubali wazo la kilimo cha halali Desemba 2019, kwa ajili ya dawa na kuuza nje, kisha mwaka 2021 ikatunga sheria mbili: moja ya bangi ya dawa na utafiti, nyingine ya bangi ya viwandani, ile inayolimwa kwa nyuzi na mbegu. Ndugu zetu wa Goma, kwa upande wao, wana Rwanda, iliyotoa kanuni zake mwaka 2021, nako ni kwa kuuza nje tu. Raia haruhusiwi kuitumia kujistarehesha.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Mama Injinia, na nikilima huku Kipushi, halafu nikavusha kwa mwenye leseni ng'ambo?" Hapana, mwanangu. Mwenye leseni hupewa ruhusa ya kiwanja fulani, chenye mipaka iliyoandikwa, na kila kilo anayouza lazima ionyeshe ilitoka wapi. Ya kwako itakuwa magendo, na atakayefungwa ni wewe. Hata majani machache ya kupima maabara hayavuki mpaka mfukoni. Kifurushi cha bangi ya dawa kinahitaji cheti cha nchi inayopokea na kibali cha nchi inayotoa, kila mara kinaposafiri. Hayo yamo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya.

Mkataba huohuo unaeleza kwa nini mkulima mdogo huchoka haraka. Nchi inayoruhusu bangi ya dawa inatakiwa iwe na wakala wa serikali wa kutoa leseni na kuchukua mavuno yote kabla miezi 4 haijapita tangu mavuno kuisha. Kwa hiyo huwezi kuficha magunia ukisubiri bei ipande, kama tunavyofanya na mahindi hapa kwetu kati ya Mei na Januari. Bangi ya nyuzi na mbegu haimo katika masharti hayo, ndiyo maana mtu wa mtaji mdogo namwelekeza huko kwanza. Zambia ilipotangaza uamuzi wake, habari za wakati ule zilitaja leseni ya dola 250,000 kwa mwaka. Uliza leo ada ni kiasi gani, kwa mdomo wa ofisi yenyewe, kabla hujauza hata mbuzi.

Kisha tafuta mnunuzi. Nasema mnunuzi, simaanishi soko. Baada ya Marekani kuruhusu bangi ya viwandani kwa sheria ya kilimo ya 2018, wakulima walijaa mashambani, na mwaka uliofuata bei ya malighafi ya CBD, ile kemikali ya bangi isiyolevya, ilianza kuporomoka. Wengi walibaki na ghala zilizojaa. Mkataba wako utaje uzito, unyevu, kiwango cha THC (kemikali ya bangi inayolevya), nani analipia vipimo, na mzigo ukikataliwa unakuwa wa nani. Hicho kipengele cha mwisho kisome mara mbili. Mmea wa viwandani ukivuka kiwango cha THC kilichowekwa na sheria (Marekani na Umoja wa Ulaya ni asilimia 0.3) unageuka kuwa bangi mbele ya sheria, na shamba zima linaweza kuteketezwa. Jua kali, mbegu mbaya au kuchelewa kuvuna vinatosha kukuvusha mstari huo.

Sasa udongo, jambo linaloniumiza zaidi kwa kuwa sisi watu wa Katanga ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulifikiria. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, basi moshi ulibebwa kuelekea kaskazini-magharibi ya bomba lile refu tunalolijua wote, na mpaka leo udongo wa Penga Penga, eneo lililo upande huo, umejaa shaba, kobalti, zinki, risasi na kadmiamu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu pale kurudisha majani na miti kwa chokaa na mboji. Ng'ambo, Zambia, ni ukoo uleule: Kitwe na Mufulira zilijengewa matanuru yao, na Kabwe ilichimba risasi kwa karibu karne nzima, hadi 1994. Na bangi ni mmea unaofyonza metali hizo kutoka ardhini na kuzipandisha juu. Watafiti wanaipenda kwa kusafisha udongo uliochafuka. Mnunuzi wa dawa anaiogopa kwa sababu hiyohiyo. Kwa mimea ya dawa kwa jumla, kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinaruhusu risasi isizidi miligramu 5 kwa kilo, na kadmiamu isizidi 1. Shamba linaweza kukupa mahindi mazuri ya kupendeza na bado likashindwa hapo.

Kabla hujasaini kukodi shamba, fanya hivi. Tembea shambani kwa kupindapinda, chukua udongo wa sentimita 20 za juu mahali 15 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya mabati: ina zinki, itakudanganya. Toa nusu kilo, uandike jina la shamba na tarehe. Rudia kwa udongo wa chini zaidi, sentimita 20 hadi 40, na ujaze chupa safi kwa maji utakayomwagilia. Omba wapime metali nzito na uchachu; ukiomba "analizi ya udongo" tu watakupa nitrojeni na fosforasi. Uchachu una maana kubwa, kwa kuwa udongo mchachu huachia kadmiamu kwa urahisi. Mwenye shamba akikataa usichukue udongo wake, ameshakupa jibu.

Jambo la pili ambalo video za Kanada hazikwambii ni urefu wa mchana. Mmea huu huanza kutoa maua usiku unaporefuka. Mbegu nyingi za Ulaya zimezoea kiangazi cha mchana wa saa 15 au 16. Kwetu, nyuzi 11 na kitu kusini mwa ikweta, mchana mrefu wa Desemba haufiki saa 13. Mbegu hiyo ukiipanda hapa, au Chingola kule Zambia, inadhani msimu umekwisha, inatoa maua ikiwa na kimo cha goti tu. Yuko mkulima niliyemwona ng'ambo akilia kwamba ameuziwa mbegu mbovu; mbegu ilikuwa nzima, ila ilikuwa ya nchi nyingine. Ama utafute aina iliyozalishwa kwa ajili ya tropiki, na umwombe muuzaji majina ya wakulima wa latitudo yetu walioipanda, ama uwashe taa jioni kurefusha mchana. Taa zinataka umeme usiokatika, na usiku mmoja wa giza katika juma baya unaweza kuivuruga ratiba yote. Weka bei ya jenereta na mafuta ndani ya hesabu yako.

Mvua nayo ina usemi wake. Maua yakikomaa Februari au Machi yanakutana na mvua, yanaoza kwa ukungu ndani kabla hujaona kitu nje. Panga maua yakomae mvua zikishakatika, mwishoni mwa Aprili. Nyumba ya kukaushia ijengwe kabla ya kupanda, yenye kivuli, hewa inayozunguka na sakafu inayooshwa. Turubai juani, kama tunavyoanika mihogo, haifai.

Ulinzi ni gharama ya kila mwezi. Rwanda inadai uzio wa safu mbili, kamera na taa za usalama, na popote utakapokwenda tegemea madai ya aina hiyo. Benki nayo ina mlango mwembamba: sisi tunalipana kwa dola, na dola zinazotumwa kimataifa kwa kawaida hupitia benki za Marekani, ambako sheria ya shirikisho bado haijaihalalisha bangi kikamilifu. Nenda benki na leseni na mkataba mkononi, uwaulize kwa maandishi kama watapokea malipo hayo, kabla mnunuzi hajatuma kitu.

Nyumbani pia useme mapema. Mama mkwe akisikia kwa majirani wa Katuba kwamba mkwe wake analima diamba, karatasi za Lusaka hazitamtuliza. Mpeleke umwonyeshe leseni, na mchungaji wake pia.

Ukiniuliza upande nini msimu huu, wakati dosie inasubiri, nitakuambia artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria. Hapa kwetu inalimwa kwa halali, nayo pia hutoa maua mchana ukifupika, hukaushwa kivulini, na mnunuzi wa kiwanda cha dawa hupima majani kabla ya kulipa. Kule Bukavu mashamba ya mkwinini yamelisha kiwanda cha kwinini kwa miongo mingi, kwa hiyo wapo Wakongo wanaojua kumuuzia mtu wa dawa. Panda robo hekta. Andika daftari: tarehe ya kupanda, maji, mbolea, nani aliingia shambani, kilo mbichi, kilo kavu. Daftari la msimu mmoja liwe la kwanza kwenye dosie yako, juu ya mpango wa biashara, kwa sababu mkaguzi atakapokuja ataomba kuliona kabla hajaomba kuona shamba.