Jinsi ya kuacha fegi: siku tatu za kwanza ndo kazi yenyewe

Wadau, mimi nimevuta miaka 11, nilianza na kipisi cha kupokezana nyuma ya bweni nikaja kuishia pakti moja kwa siku, kwahiyo hapa naandika kwa ajili ya yule ambaye kila asubuhi anajiambia leo ndo mwisho halafu jioni anajikuta dukani kwa Mangi ananunua moja moja. Sikulaumu. Nataka uache tu, toka moyoni.

Kabla ya yote fanya hiki kitu. Chukua tishu nyeupe. Fegi utakayovuta leo, pafu la kwanza usimeze moshi, ubakize mdomoni halafu upulize kwenye tishu ukiwa umeibana kwenye midomo. Litabaki doa la kahawia. Pafu la pili meza kama kawaida yako kisha pulizia upande mwingine wa tishu. Doa la pili litakuwa hafifu, na ile tofauti ya madoa mawili imebaki kifuani kwako.

Hiyo ni lami, ule uchafu wa kunata unaotoka kwenye moshi wa fegi. Ndani ya njia ya hewa tuna vinyweleo vidogo sana, kazi yake ni kufagia vumbi na makohozi kuyapandisha juu, sasa moshi unavilemaza na uchafu unabaki chini, ndo maana unaamka na kile kikohozi cha asubuhi, na ndo maana mvutaji anapata TB kirahisi kuliko asiyevuta. Moshi una kemikali zaidi ya 7,000 na karibu 70 kati ya hizo zinasababisha kansa, na sio ya mapafu tu, kuna ya koo, ya mdomo, ya kibofu. Halafu kuna kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yamefungwa. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo moyo unasukuma damu ambayo haijabeba mzigo wake wote, huku nikotini, kile kilevi cha tumbaku kinachokufanya uitake tena, nayo inabana mishipa na kupandisha presha. Na mishipa midogo ndo inaumia mapema, wanaume wenzangu mnaohangaika na dawa za nguvu za kiume anzieni hapa kwanza.

Baba yangu mdogo alivuta tangu ujana. Miaka yake ya mwisho alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, na toka kitandani mpaka choo cha nje anapumzika mara mbili ameshika ukuta. Vile vifuko vya hewa kwenye mapafu vikishaharibika havirudi, unachoweza ni kuokoa vilivyobaki.

Na usijidanganye kwamba unavuta moja tu kwa siku. Kwa upande wa moyo, huyo wa moja anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayobeba wa pakti nzima.

Haya, tuje kwenye kuacha kwenyewe. Panga tarehe ndani ya wiki mbili, usiweke siku ya harusi wala mwisho wa mwezi wa kufunga hesabu kazini, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani na mmoja wa kijiweni. Siku chache kabla ya hapo kila ukiwasha jiulize nimewasha kwa sababu gani, utakuta ni zile zile, baada ya kula, kahawa, bia, foleni, kugombana na mtu. Hizo ndo sehemu za kuwekea ulinzi. Usiku wa kuamkia tarehe yako tupa kila kitu, kiberiti, kisahani cha majivu, ile moja uliyoficha kwenye koti, na fua nguo zote.

Arosto, yaani yale mateso ya mwili ukikosa nikotini, inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Utakasirika bila sababu, kichwa kitauma, usingizi utaruka, na hapo ndo wengi tunarudi kwa sababu tunadhani itakuwa hivyo milele, kumbe kila wimbi la hamu ni dakika chache tu. Nilikuwa naangalia saa kabisa. Kunywa maji ya baridi taratibu, tafuna muwa au karanga, toka nje tembea mpaka kona ya mtaa urudi, ukirudi limeshapita. Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni kahawa: ukiacha sigara kahawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko ulivyozoea, kwahiyo kama ulikuwa unapiga vikombe vinne piga viwili, la sivyo utatetemeka na kukosa usingizi ukidhani ni arosto. Bia kaa nayo mbali mwezi mzima ikiwezekana.

Kama unavuta nyingi ulizia duka kubwa la dawa bigijii au plasta za nikotini, zinasaidia kweli, ila bigijii usiitafune kama pipi, tafuna kidogo ukisikia ukali iweke shavuni itulie. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo aongee na daktari kwanza. Ugoro na shisha sio njia ya kuacha, unahama chumba tu nyumba ni ile ile.

Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yanaanza kushuka, siku moja mbili ile gesi inakuwa imetoka kwenye damu. Wiki za mwanzo unaweza kukohoa zaidi, usiogope, vinyweleo vimeamka vinafagia. Mwaka mmoja hatari ya mshtuko wa moyo inashuka kama nusu.

Ukiteleza ukavuta moja, tupa zilizobaki hapo hapo, usisubiri Jumatatu. Mimi niliacha mara ya nne.

Ila kama unakohoa damu, unapungua uzito bila sababu au kifua kinabana ukipanda ngazi, usisubiri uache kwanza ndo uende hospitali. Nenda wiki hii, na ukifika mtajie daktari ukweli, miaka mingapi na ngapi kwa siku.