Kuombea klabu ndogo fedha za bahati nasibu

Mimi ni mweka hazina wa klabu ya mpira wa wavu. Ombi letu la kwanza lilikataliwa, na kosa lilikuwa langu: nilijaza kurasa kwa "vipaji" na "nidhamu", nisiseme nani atacheza wala lini.

Jua kwanza hela inatoka wapi. Bahati nasibu nyingi za taifa hutenga sehemu ya mauzo ya tiketi kwa ajili ya jamii. Uingereza, iliyoanzisha yake mwaka 1994, huipa michezo asilimia 20 ya fungu hilo. Kwa hiyo atakayesoma fomu yako hatafuti bingwa. Anataka kujua nani asiyecheza sasa ataanza kucheza.

Jibu liko kwenye daftari la mahudhurio. Letu lilisema: Jumanne, wavulana 19, wasichana 4. Nikawauliza wale wanne wenzao wako wapi. Giza, wakasema, uwanja hauna taa, na nyumbani hawaruhusiwi kuchelewa. Basi ombi la pili likawa la taa tu, na hesabu ile nikainakili kama ilivyo.

Katiba na akaunti ya benki yenye watia saini wawili (wasiwe mke na mume!) ziwe tayari mapema. Ambatisha makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji, na uweke humo gharama za matengenezo, maana taa huungua.

Usinunue chochote kabla ya barua ya kukubaliwa. Kilichokwisha kulipiwa, kwa kawaida hakirudishiwi hela.