Kutembelea makumbusho ya Greenbelt, Maryland: ingia kwa miguu, si kwa gari

Greenbelt ni mji wa kota. Serikali ya Marekani ilianza kuujenga mwaka 1935, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, kupitia idara iliyoongozwa na Rexford Tugwell, na mwaka 1937 familia za kwanza zikahamia. Makumbusho yenyewe ni nyumba mojawapo ya zile zile za mwanzo: 10-B, Crescent Road, nje kidogo ya Washington. Tenga nusu siku.

1. Hakikisha siku. Nyumba haifunguliwi kila siku. Kwa miaka mingi ziara zimekuwa Jumapili mchana, lakini thibitisha kwanza.

2. Fika mji wa zamani. Jina Greenbelt limetapakaa: kituo cha mwisho cha metro, hifadhi ya kupigia kambi, barabara ya maduka. Vyote hivyo viko nje ya mji wa zamani. Ukishuka metro usianze kutembea, maana barabara kubwa za magari zimekata katikati. Panda basi la kwenda Roosevelt Center, kitovu cha maduka cha mji wa zamani, na kwa kuwa ni Jumapili, jua basi la kurudi kabla hujatoka nyumbani.

3. Tafuta nyumba. Hapa ndipo saa nzima hupotea. Kwanza, anwani: namba ni ya kundi la nyumba zilizoungana, herufi ndiyo mlango. Ukiandika 10 bila B kwenye simu, unaweza kubisha mlango usio wenyewe.

Pili, na hili ndilo kubwa, kila nyumba ya mwanzo ina pande mbili. Jiko na pipa la taka viliwekwa upande wa gari, unaoitwa upande wa huduma. Sebule inatazama ndani, kwenye nyasi na njia za miguu: upande wa bustani. Ramani ya simu hufuata magari, hivyo hukuonyesha migongo ya nyumba, nawe utadhani ni kota za kawaida tu. Acha gari Roosevelt Center. Chapisha ramani ya karatasi yenye njia za miguu. Kwa mji huu inaishinda simu kabisa. Fuata njia ya miguu inayopita chini ya Crescent Road: njia hizi za chini zilichimbwa ili mtoto aende shule na dukani bila kuvuka barabara ya magari. Ukitokea upande wa pili ndipo mji unapojieleza.

Tahadhari: nyumba hizi zinakaliwa na watu. Nyingi ni za ushirika wa wakazi, ulionunua kutoka serikalini mwaka 1952. Usikate kona kwenye bustani ya mtu, wala usipige picha dirishani.

4. Pita shule ya zamani kabla ya kuingia. Sasa ni kituo cha jamii, 15 Crescent Road. Ukutani kuna michongo ya mawe ya mchongaji Lenore Thomas inayofafanua utangulizi wa katiba ya Marekani. Usiikimbie.

5. Ndani. Vyumba ni vidogo, kwa hiyo mkoba mkubwa uache. Tazama samani: zilibuniwa mahususi kwa vyumba vya kipimo hiki na kuuziwa wapangaji kwa malipo ya awamu. Jikoni kuna vyombo vya mezani vya chapa ya Fiesta, vya rangi kali. Uliza pia kuhusu kamba ya nguo: kufua kuliruhusiwa, ila nguo zilipaswa kuanuliwa kufikia saa 10 jioni.

6. Uliza nani alikataliwa. Maombi yalizidi 5,000 kwa nyumba 885. Wapangaji walichujwa kwa kipato, kwa ndoa, na kwa rangi: Wamarekani weusi walishiriki kuujenga mji huu lakini hawakuruhusiwa kupanga. Mwongozaji asipoligusa, uliza wewe, tena ukiwa bado sebuleni, kabla kundi halijapanda ngazi kwenda vyumba vya kulala.