Gobi anachuja mchanga kutwa nzima na bado anakonda, fanya hivi

Wengi wanamnunua gobi wa kuchuja mchanga, samaki wa baharini, ili awafanyie usafi kwenye tangi la samaki, wanamwona anajaza mchanga mdomoni anautolea kwenye matamvua, wanasema basi huyu anajilisha mwenyewe, kazi kwisha. Hapo ndo mnamuua bana. Anachotafuta mle sio uchafu, ni viduvi vidogo sana na minyoo wanaoishi mchangani, na tangi la nyumbani hao wanaisha haraka mno, baada ya hapo jamaa anapepeta pumba tupu.

Mi wa kwanza alikuwa Valenciennea puellaris, yule mweupe mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mchanga wangu ulikuwa unang'aa kama unga wa sembe nikawa najisifu, kumbe yeye tumbo limeingia ndani na mgongo umechongoka. Nilipokuja kushtuka too late, hakupona.

Sasa kulisha. Mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, sio mlo mmoja mkubwa jioni ukitoka kazini. Uduvi wa maisisi (mysis, uduvi wadogo wadogo) wa kugandishwa ndo chakula kikuu, uyeyushe kwenye kikombe na maji ya tangi kwanza. Atemia (artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi) peke yake haimtoshi, ni maji tu mle, labda iwe imeongezewa lishe. Kamba mbichi wa sokoni nao poa, wa kukatakata vipande vidogo kabisa, asiwe na chumvi wala viungo. Peleti chagua zinazozama, maana huyu anakula chini, chakula kinachoelea juu kinaliwa na wenzake yeye anabaki anatoa macho.

Zima pampu kama dakika kumi, chukua sirinji kubwa isiyo na sindano, chomeka mrija wa plastiki mbele, halafu shusha chakula taratibu mpaka mchangani karibu na shimo lake. Samaki wenye fujo walishe kwanza upande wa pili wa tangi wawe bize. Akikataa kabisa siku za mwanzo jaribu atemia hai, wakicheza mbele yake mara nyingi anashawishika. Akiwa anakula vizuri lakini bado anakonda, mashaka yangu ni minyoo ya tumboni, hapo mtenge kwenye tangi lingine umtibu, dawa usimwage kwenye tangi lenye matumbawe.

Mchanga uwe laini, punje zisizidi milimita 2 hivi, kina kuanzia sentimita 5. Vipande vya matumbawe yaliyosagwa vinamkwaruza mdomo na matamvua. Na mawe yakae juu ya kioo chenyewe KABLA hujamwaga mchanga, maana anachimba chini yake na jiwe likilala linamponda au linapasua kioo. Matumbawe yaliyo chini yainue, atayafukia mchanga kila siku, hiyo tabia haina dawa.

Tangi liwe la lita 200 kwenda juu na limeshakaa miezi sita au zaidi, joto nyuzi 24 mpaka 27 za Selsiasi, chumvi 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji. Mmoja anatosha, ukitaka wawili nunua waliokwisha kuoana, la sivyo watapigana. Kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) anayechimba mchanga usimweke naye, wanagombea chakula kilekile. Halafu funika tangi kwa wavu wa matundu madogo, hata upenyo wa bomba la filta uzibe, gobi hawa wanaruka hasa taa ikizimwa ghafla na asubuhi unamkuta mkavu sakafuni.

Dukani muombe muuzaji amlishe mbele yako, asipokula au tumbo limebonyea mwache hata kama bei ni ya kutupa. Valenciennea strigata, yule wa kichwa cha njano anayepatikana mpaka huku pwani yetu ya Afrika Mashariki, naye matunzo ni haya haya, ila anaruka kuliko wote niliowahi kufuga.